Yai la Chura na Mvutano wa Dunia: Historia ya Swali Moja

Ndugu Mhariri ameniomba niandike makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, tena akanisihi nisiandike habari za uji wa bweni, kwa kuwa habari hizo zimekwisha andikwa katika kila toleo. Nimekubali. Nitaandika historia ya swali la sayansi lililoanza kubishaniwa Ulaya mwaka 1883, likapita katika maabara nyingi, likapanda mpaka angani mwaka 1992, na ambalo sisi wa Kidato cha Pili wa mwaka 1974 tuliligusa kwa vidole vyetu pasipo kujua. Swali lenyewe ni hili: yai la chura linajuaje wapi ni juu na wapi ni chini, na je, mvutano wa dunia ndio unaomjenga chura, au ni msaidizi tu?

Aidha, katika jambo hili ninalo deni la zamani. Nitalitaja hapa hapa mwanzoni, na mwisho nitajaribu kulilipa.

MAYAI YA BONDENI

Wenzangu wa miaka ile watakumbuka safari zetu. Sisi tuliotoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, tulizoea joto na dagaa, na tulipopanda milima ya Umatengo kuja shuleni tulitetemeka kwa baridi hata wenyeji wakatucheka. Siku hizi pwani yetu imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, lakini wakati ule sote tulikuwa watu wa wilaya moja. Jembe la shamba la shule ndilo lililotufundisha kuelewana. Huko ndiko sisi watu wa ziwani tulikojifunza kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa katika mteremko kama vyumba vya sega la nyuki.

Mwezi wa Februari mwaka ule mvua zilinyesha sana. Mwalimu wetu wa Baiolojia alituamuru twende alfajiri kwenye kijito cha bondeni tukatafute mayai ya chura. Tuliyapata katika maji yaliyotulia, yameshikamana na majani. Kila yai lilikuwa dogo kama punje ya ulezi, limezungukwa na ute unaoonyesha, nusu yake nyeusi na nusu nyeupe. Yote yalielekeza weusi juu na weupe chini, kana kwamba yamepangwa na mtu.

Kazi ilikuwa rahisi. Kila wanafunzi wawili wachukue mayai 20, wayaweke katika sahani yenye maji kidogo, wayapindue kwa unyoya wa kuku mpaka weupe uwe juu, kisha wangoje na kuhesabu. Kitabu, nacho kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kilisema kwamba yai la chura likipinduliwa hujigeuza lenyewe na kurudisha weusi juu.

Mimi na mwenzangu wa dawati, kijana wa Liuli, tulingoja. Ilikuwa ajabu kutazama. Lile doa jeusi lilianza kuchungulia pembeni, likapanda polepole, na baada ya muda yai likawa limekaa kama lilivyokuwa kijitoni, ingawa ute wake haukusogea. Tukahesabu: mayai 16 yalikuwa yamegeuka, na 4 yalikataa. Tukangoja tena mpaka kengele ya chakula, na yale 4 yakabaki vile vile, meupe juu.

Sahani ilikuwa moja, lakini madaftari yalikuwa mawili. Mwenzangu aliandika katika lake: 16 yamegeuka, 4 hayakugeuka. Mimi nilifikiri kitabu, nikafikiri alama, nikaandika: 20 yamegeuka. Madaftari yaliporudi, mimi nilikuwa na 9 juu ya 10. Yeye alikuwa na 4, na kando yake kwa wino mwekundu, "Uangalifu hautoshi." Aliniangalia, nami nikatazama dirishani. Hakunisema kwa mwalimu wala kwa mtu yeyote.

Ndugu wasomaji, hilo ndilo deni. Sasa tuingie katika historia.

MABISHANO YA MIAKA YA 1883 NA 1884

Eduard Pflüger alikuwa mtaalamu wa fiziolojia katika mji wa Bonn, Ujerumani. Mwaka 1883 alitangaza majaribio yake juu ya mayai ya chura. Aliyashikiza mayai yasiweze kujigeuza, akayaacha yamelala ubavu au yamepinduka. Aliona jambo lililomshangaza: mayai yalipoanza kugawanyika, mgawanyiko wa kwanza ulisimama wima kufuata mvutano wa dunia, hata kama rangi ya yai ilionyesha upande mwingine. Akakata shauri kwamba ndani ya yai hakuna upande uliotengwa kuwa kichwa au tumbo, bali mvutano wa dunia ndio unaoamua.

Ilikuwa kauli nzito. Kama ni kweli, basi umbo la kiinitete, yaani kile kiumbe kinachoanza kujengeka ndani ya yai, hutoka nje kwa amri ya dunia, wala halitoki ndani ya yai.

Majibu hayakukawia, na yote mawili yalitoka katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław, nchini Poland. Mwaka 1884 Gustav Born alichunguza ndani ya mayai yale yaliyoshikizwa. Aligundua kwamba ngozi ya yai ilikuwa imetulia, lakini vitu vya ndani vilikuwa vimehama. Ile akiba ya chakula ya yai, yaani kiini chake kizito, ilikuwa imetiririka kuelekea chini, na ujiuji mwepesi ukapanda juu pamoja na kitovu cha uhai cha yai. Basi macho ya Pflüger hayakukosea, ila hakujua kwamba kilichomo ndani kilikwisha jipanga upya.

Mwaka huo huo Wilhelm Roux alitumia njia nyingine. Aliyafunga mayai katika gurudumu lililozunguka bila kupumzika, hata juu ya sasa hivi ikawa chini ya baadaye kidogo, na mvutano usipate nafasi ya kuelekeza upande wowote. Mayai yakaendelea kukua kama kawaida. Roux akasema kwamba yai lina mpango wake ndani, na halingoji kuelekezwa na mvutano wa dunia.

Naomba wanafunzi walioko shuleni sasa watazame tarehe hizo. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1884 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuzungumzia Afrika, na haikupita miaka mingi Liuli yetu ikaandikwa katika ramani za Wajerumani kwa jina la Sphinxhafen. Vitabu vya historia vimetueleza habari za Berlin, na ni haki tuzijue. Lakini Ujerumani hiyo hiyo ilikuwa na watu waliokuwa wakibishana juu ya yai la chura, na mabishano hayo nayo ni historia.

MAYAI YALIYOZAA MAPACHA

Mtu angedhani Roux alimaliza maneno. La hasha! Mwaka 1894 Oscar Schultze alichukua mayai yaliyokwisha gawanyika mara moja, yaani yenye seli mbili, akayabana kati ya vioo na kuyapindua juu chini. Baadhi yakatoa viumbe vilivyoungana, vyenye migongo miwili au vichwa viwili. Kiini kizito kilikuwa kimeporomoka ndani ya kila seli peke yake, na kila nusu ikapata mpango wake. Kwa hiyo mvutano wa dunia, ambao Roux alionyesha kwamba hauhitajiki, ulionekana una uwezo wa kuvuruga, na hata wa kuanzisha mwili wa pili.

Maelezo mazuri yalichelewa karibu miaka 100. Leo tunajua kwamba mbegu ya kiume inapoingia katika yai, mambo mawili hutokea. Kwanza, yai huachana na utando wake wa nje likapata nafasi ya kugeuka ndani yake, na kwa kuwa weupe ndio wenye kiini kizito, weupe hushuka na weusi hupanda. Hilo ni tendo la mvutano wa dunia peke yake. Pili, kabla ya mgawanyiko wa kwanza, tabaka la nje la yai huteleza kwa kiasi cha digrii 30 hivi juu ya vitu vya ndani, likisaidiwa na vijiuzi vyembamba sana vya yai lenyewe. Upande ulioelekeana na ule ilikoingilia mbegu ndio kwa kawaida huwa mgongo. Hilo ni tendo la yai.

Mwaka 1980 Steven Scharf na John Gerhart wa Chuo Kikuu cha California walionyesha jinsi matendo hayo mawili yanavyohusiana. Waliyamulika mayai kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo huzuia kule kuteleza. Mayai ya namna hiyo hukosa mgongo na kichwa, yakawa kama tumbo tupu. Lakini yalipolazwa ubavu kabla ya mgawanyiko wa kwanza, kiini kizito kiliteleza chenyewe kwa uzito wake, na viinitete vikapata mgongo na kichwa kama vingine. Yaani pale nguvu ya yai iliposhindwa, mvutano wa dunia ulifanya kazi badala yake.

Niliposoma habari hiyo niliyakumbuka mashimo ya ngoro. Mmatengo hakuumba mteremko, wala hawezi kuyazuia maji yasishuke. Lakini huchimba shimo na kupandisha tuta, maji yakishuka yanatua anapotaka yeye, na udongo unabaki shambani. Asiye na mpango, maji yale yale humchukulia shamba. Yai la chura nalo linauchukua mvutano wa dunia kama mkulima anavyoyachukua maji ya mteremko. Pflüger aliona maji yakishuka akadhani ndiyo mkulima. Roux alimwona mkulima akadhani maji hayana kazi.

SWALI LAPANDA ANGANI

Hata hivyo gurudumu la Roux lilikuwa na kasoro moja. Liliuchanganya mvutano, halikuuondoa. Mpaka binadamu alipopata vyombo vya angani, hapakuwa na mahali pa kumaliza ubishi.

Wamarekani walirusha mayai ya chura katika Gemini 8 mwezi wa Machi 1966, safari iliyokatizwa siku ile ile kwa hitilafu ya chombo, kisha katika Gemini 12 mwezi wa Novemba, na katika Biosatellite II mwezi wa Septemba 1967. Mayai yaliendelea kukua. Lakini yalikuwa yamepata mbegu duniani kabla ya kuondoka, na wenye shaka walisema kwamba huenda mvutano ulikwisha maliza kazi yake mapema.

Ilibidi chura atage huko huko juu. Na chura aliyefaa alikuwa Mwafrika: chura mwenye kucha wa Afrika Kusini, anayeitwa na wataalamu Xenopus laevis, ambaye ndugu zake wa karibu wanaishi katika maji ya Tanzania. Mnamo mwaka 1930 hivi, Lancelot Hogben, aliyefanya kazi Cape Town, alitambua kwamba chura huyo akidungwa sindano ya homoni fulani hutaga bila kungoja msimu. Kutokana na hilo mkojo wa mwanamke uliweza kupimwa kama ana mimba: chura akidungwa akataga, jibu ni ndiyo. Kwa sababu ya kipimo hicho chura huyo alisafirishwa hospitali nyingi za dunia, na baadaye akabaki katika maabara.

Tarehe 12 Septemba 1992 chombo Endeavour kilipaa kikiwa na vyura wanne wa kike wa aina hiyo. Mmoja wa wanaanga waliowashughulikia alikuwa Dk. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kufika angani, ambaye katika masomo yake ya udaktari aliwahi kufanya kazi na Madaktari wa Ndege hapa Afrika Mashariki. Vyura wakadungwa homoni, wakataga, mayai yakapewa mbegu. Mengine yaliachwa yaelee bila uzito, na mengine yakawekwa katika mashine ya kuzunguka iliyoyapa uzito kama wa duniani, ili yalinganishwe.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 na Kenneth Souza na wenzake. Viinitete vilivyokosa mvutano vilionyesha kasoro kidogo mwanzoni: dari la ule uwazi uliomo ndani ya kiinitete changa lilikuwa nene kuliko kawaida. Lakini vilijirekebisha, vikatoka viluwiluwi wenye kichwa, mgongo na mkia mahali pake. Jambo moja lilionekana wazi. Viluwiluwi wa angani hawakuwa wamejaza mapafu yao hewa, kwani kwa kawaida kiluwiluwi hupanda kwenye uso wa maji kuivuta, na huko hapakuwa na juu ya kupandia. Waliporudi duniani, walijaza mapafu.

Hivyo mwaka 1992 swali la 1883 lilipata jibu, na jibu halikumpa mtu mmoja ushindi wote. Mvutano wa dunia si mjenzi wa chura. Lakini humsaidia kukaa sawa, unaweza kumwokoa akiharibikiwa, na unaweza kumharibu akibanwa vibaya.

VYURA WA MILIMA YETU

Kwetu Tanzania liko jambo la kuongeza. Mwaka 1905, mwaka vilipoanza Vita vya Majimaji, Gustav Tornier wa Berlin alieleza habari za chura wa milima ya kusini mwa nchi yetu ambaye hatagi majini, bali huzaa watoto walio hai. Wa ukoo huo ni chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Mayai yao hukulia tumboni mwa mama, na mama huyo anaruka, anapanda jani, analala ubavu, anageuka. Kwa fikira zangu, tumbo hilo ni gurudumu la Roux lililotengenezwa na maumbile, na watoto wanatoka salama.

Habari ya Kihansi ina majonzi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, manyunyu yalikatika. Karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 baadhi ya kizazi chao walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 walianza kurejeshwa bondeni kwao. Yai laweza kustahimili hata kukosa uzito wa dunia, lakini haliwezi kustahimili kukosa mama, na mama hawezi kustahimili kukosa maji.

DENI

Sasa narudi kwenye sahani yetu. Mwenzangu wa Liuli hakuimwaga. Aliiweka chini ya kitanda chake bwenini, akawa anabadilisha maji kila asubuhi. Yale mayai 16 yalirefuka, yakatikisa mikia, yakawa viluwiluwi. Yale 4 yakafanya ukungu, yakaoza. Aliniita nione. Nikaona, nikanyamaza.

Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasomea ualimu wa sayansi. Yai ambalo halijapata mbegu haliachani na utando wake, kwa hiyo likipinduliwa haligeuki. Hata leo, katika maabara za chura duniani, kugeuka huko ndiyo alama ya kwanza inayotazamwa ili kujua mayai yamepata mbegu. Kwa hiyo yale 4 hayakuwa kosa la uangalifu. Yalikuwa na habari kubwa kuliko yale 16, nayo iliandikwa katika daftari lililopewa 4. Katika langu lenye 9 sikuwa nimeandika lolote ila kilichokuwa kitabuni.

Simlaumu mwalimu wetu. Alikuwa na wanafunzi wengi na kitabu kimoja, na ndiye aliyetupeleka kijitoni. Najilaumu mwenyewe, kwa sababu mimi niliyaona yale 4. Pflüger alikosea katika maelezo yake, lakini aliandika alichokiona, na kwa hiyo Born na Roux walipata pa kuanzia. Kama angefuta yaliyomshangaza ili yalingane na vitabu vya siku zake, ubishi usingezaliwa, wala vyura wasingepanda angani kuumaliza. Kosa la mtu mkweli laweza kusahihishwa na mwenziwe. Uongo wangu wa mayai 4 haukuweza kumsaidia mtu yeyote.

Katika mkutano wetu uliopita nilimkuta mwenzangu yule amekaa chini ya mti pamoja na wajukuu zake wawili. Amekuwa mvuvi na mkulima wa mihogo, na mvi zimemjaa. Nikamwambia yote, na maana ya yale mayai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, ile 4 ilinikera muhula mzima. Lakini nilijua sikukosea kuhesabu." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na wewe nilikuona ukihesabu." Nilimwomba radhi, akanipa mkono. Ndipo nilipomwahidi kwamba nitaandika haya mbele ya shule nzima.

Basi ninyi mlioko madarasani sasa, bonde lipo na kijito kipo. Februari ijayo shukeni alfajiri mkatafute mayai. Chukueni 20, yapindueni kwa unyoya, mhesabu. Mkimaliza, yarudisheni majini, maana ni watoto wa wenyewe. Katika madaftari andikeni yaliyogeuka, na yasiyogeuka yaandikeni vile vile, hata kama kitabu hakiyajui.